Kifungu cha Mbio na Msafara wa Ekero

Nyinyi mnaoanza kazi ya bima leo mmepata raha ambayo sisi hatukuijua: mnaweza kumaliza nusu ya kazi mkiwa mmekaa. Picha ya gari lililobonyea inaingia kwenye simu. Ramani iko kwenye simu. Hata mteja akitaka kulia, analilia kwenye simu. Mimi Mungu aliniumba kwa ajili ya kiti, kisha akanipa kazi ya madai katika miaka ambayo ilikuwa lazima uende mwenyewe, ushuke kwenye mtaro, uangalie alama za magurudumu kabla mvua haijazifuta, ndipo urudi uandike.

Kwa wasionijua, mimi ni mwanamke wa mtaa wa Shieywe mjini Kakamega, niliishia kidato cha nne, na tangu nistaafu safari yangu ndefu ni ya kwenda sokoni. Siku ya kuniaga, wenzangu ofisini walininunulia begi la safari lenye magurudumu. Ninaweka blanketi ndani yake. Vijana wa boda wa steji yetu wananiita Senje, kama mtu anavyomwita dada wa baba yake, na wananitania kwamba nikivuka mto nitaomba pasipoti. Sibishani nao. Mtu anayependa nyumbani kwake hana haja ya kujitetea.

Nimeambiwa niwaandikie jambo moja ambalo kazi ilinifundisha, nami nimechagua kifungu cha mbio. Najua hamkisomi. Kiko ukurasa wa nyuma kwa herufi za sisimizi, kimebanwa kati ya vita na mitetemeko ya ardhi. Kijana anayeuza bima ya pikipiki hapa Kakamega anakiruka kwa sababu anajiambia, huku kwetu nani ana gari la mashindano?

Kwa maneno yangu kinasema hivi: kampuni haitalipa ikiwa chombo kilikuwa kwenye mashindano ya mbio, au kilikuwa kinamwongoza mwendo mtu anayeshindana, au kilikuwa kinapimwa kasi, au kilikuwa kwenye maandalizi ya lolote katika hayo. Kampuni nyingi zinasema hivyo, zikibadilisha neno hapa na pale. Wateja wataapa kwamba ni uchoyo. Siyo. Bei ya bima inapangwa kwa hatari za siku ya kawaida, kama kupeleka mtoto shule, kubeba gunia la mahindi, kumfikisha mama mjamzito hospitali. Mtu akiamua kushindana ameongeza hatari ambayo haikuwa mezani mlipopatana. Anayetaka kushindana kuna bima yake ya siku hiyo, ina bei yake na masharti yake, aende akainunue.

Aliyenifundisha kukisoma ni mkuu wangu wa kwanza, Bwana Inganga, marehemu sasa, mtu mkimya aliyevaa kofia hata ndani ya ofisi. Nilikuwa mgeni kwenye kitengo cha madai. Trekta la miwa lilikuwa limepinduka karibu na Ekero. Watu wa pale walinieleza kwamba matrekta mawili yalikuwa yakikimbilia mizani ya kiwanda, kwa sababu anayefika kwanza anapima kwanza na kurudi shambani kuchukua mzigo mwingine. Nikarudi ofisini nimejaa vumbi na hekima. Nikaandika "MASHINDANO YA MBIO" na kupiga mstari chini yake kwa rula.

Bwana Inganga alisoma, akavua kofia. Alikuwa anaivua wakati wa maombi na wakati wa ripoti zangu tu.

"Dada, hawa walianzia wapi?"

"Kila mmoja kwa shamba lake."

"Kwa pamoja?"

"Hapana."

"Walikubaliana kwamba wa kwanza atapata nini?"

"Hawakukubaliana. Lakini walikuwa wanaenda mbio sana, Bwana Inganga! Watu wote walisema."

"Wewe ukisikia ugali umeiva unaendanga pole?"

Ofisi nzima ikacheka, maana walikuwa wananiona saa ya chakula. Nami nikacheka kidogo.

"Basi hushindani na mtu," akasema. "Una njaa tu."

Tangu siku hiyo nikawa natafuta vitu vitatu: mahali pa kuanzia walipopatana, mahali pa kumalizia walipopatana, na kitu cha kumtambua aliyeshinda, hata kiwe kidogo namna gani. Dereva anayekimbia kwa haraka zake ni dereva mbaya, na polisi wana maneno yao kwake, lakini kifungu cha mbio hakimhusu. Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba usiulize swali lililobeba jibu. Ukimwuliza kijana, "Mlikuwa mnashindana?" atakwambia hapana akiogopa, au atakwambia ndiyo akitaka sifa. Mwulize, "Mlitoka wapi? Mlikuwa mnaenda kusimama wapi? Nani alikuwa anawangoja huko?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi nilikuwa nabeba njugu mfukoni ili nijizibe mdomo.

Msidhani watu wanadanganya kwenye ajali tu. Kuna mzee aliyekuja kumkatia bima fahali wake. Tukafika kwenye swali la kazi ya mnyama. Akasema, "Huyu anakaa tu nyumbani." Ikawa ni mimi wa kwenda kumwona. Nikamkuta fahali ana shingo kama gogo la mvule, pembe zimechongwa zikang'aa, na vijana wamemzunguka wakimwimbia kwa jina lake, ngoma za isukuti zinalia. Nikamwambia mzee, "Baba, hata mimi nakaa tu nyumbani, lakini hakuna aliyewahi kunipigia ngoma." Akacheka mpaka akashika mti. Tuliandika ukweli, kwamba fahali ni wa kupigana na akifia uwanjani hatulipi. Akaweka sahihi. Hakuwa mtu mbaya. Alichotaka ni kuona kama nitatoka ofisini.

Na mwaka mmoja kulikuwa na shindano la baiskeli mjini. Waandalizi walitaka kila mshiriki aweke sahihi kwamba anashiriki kwa hiari yake na kwamba likimpata la kumpata, hatamlaumu mtu. Wakaniletea karatasi hiyo wakitabasamu, wakidhani wamejenga ukuta. Niliwaambia alivyokuwa akisema Bwana Inganga: sahihi ya mshiriki inakubali hatari za mchezo, kuteleza, kugongana, kuchoka. Haikubali shimo mliloliona jana mkaliacha wazi. Wakaenda kuziba shimo. Mkisimamia mkataba wa mashindano ya aina yoyote, anzeni na shimo, karatasi ije baadaye.

Sasa nije kwa lile lililonifanya nikubali kuandika.

Kwenye steji yetu kulikuwa na kijana anaitwa Boniface. Alikuwa mwendeshaji pikipiki wa polepole kuliko wote niliowajua, na kwa hiyo alikuwa wangu. Wateja wake walikuwa mimi, akina mama wenye mayai, na mwalimu mmoja mwenye mgongo mbovu. Wenzake walimwita Kobe. Walikuwa wakimwambia, "Kobe, huyo abiria amezeekea kwa pikipiki yako!" Naye alikuwa anacheka tu, anafunga riflekta yake mpaka kifungo cha juu, anaondoka kama mtu anayebeba maji kwenye sahani.

Kundi lao la steji lilikuwa limekata bima ya pamoja kupitia ofisi yetu. Mwanachama akifa kazini au akiwa kwenye shughuli ya kundi, familia yake inalipwa. Lakini kifungu cha mbio kilikuwemo kama kawaida. Niliwasomea mwenyewe pale steji, wakapiga makofi kama watu wanaosomewa matangazo ya kanisa.

Basi mama mzazi wa mwenzao mmoja akafariki, na kama desturi ya vijana wa boda, wakaenda kuusindikiza mwili kutoka mochari hadi nyumbani kwake, mbele ya Ekero. Mmeshaiona misafara hiyo. Pikipiki zinatangulia na matawi, honi zinalia, mmoja amebeba msalaba na mwingine picha ya marehemu. Gari la maiti linafuata, halafu lori la kwaya. Mkia wa msafara unafungwa na mtu mmoja mwenye kitambaa chekundu, anayewazuia wenye magari wa nyuma wasipite kwa nguvu.

Siku hiyo Boniface aligongwa na lori ambalo halikusimama. Akafa papo hapo. Polisi waliandika kwamba aligongwa akiwa kwenye msafara, basi. Aliyeona ajali yenyewe hakupatikana.

Kampuni ilimtuma mkaguzi kutoka makao makuu, kijana anaitwa Kelvin, mtaratibu, viatu safi. Alifika Kakamega siku ya mazishi ya Boniface, akaona ni adabu aende boma la marehemu upande wa Sigalagala, akae nyuma, asikilize. Mimi sikwenda. Nilituma mchango na nikabaki nyumbani, kama kawaida yangu, kwa hiyo haya niliyapata kwa wengine.

Vijana wa steji walikuwa wamevaa fulana zenye picha ya Boniface na maneno "NAMBA MOJA DAIMA". Mwenyekiti wao, Protus, kijana mwenye sauti ya kuita abiria kutoka ng'ambo ya barabara, akashika kipaza sauti. Akasema hivi, na wengi walikumbuka neno kwa neno:

"Watu wetu, siku ile tulikuwa tumepatana pale mochari kwamba wa kwanza kufika kwa lango ndiye atakula imondo. Boniface akatuambia, leo mtaona vumbi langu. Na tuliliona! Hakuna aliyemfikia. Ndugu yetu amekufa akiwa mbele!"

Watu wakapiga makofi. Imondo, kwa wasio wa huku, ni firigisi ya kuku, kipande cha heshima.

Mnaona Kelvin alichokisikia. Mahali pa kuanzia walipopatana, mochari. Mahali pa kumalizia, lango. Zawadi, firigisi. Hata Bwana Inganga angefufuka asingekuwa na swali. Msimlaumu Kelvin. Alifanya kazi yake sawasawa, na aliandika alichosikia mbele ya umati. Barua ikatoka: madai yamekataliwa, marehemu alikuwa akishiriki mashindano ya mbio.

Mke wa Boniface, Everlyne, alikuja ofisini na mtoto mgongoni. Akaiweka barua mezani kwangu, akaipangusa kwa kiganja kama iliyokunjamana.

"Senje, wameandika alikuwa anacheza."

"Wameandika alikuwa anashindana."

"Si ni hiyo hiyo?" Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Shemeji zangu wanasema nirudi kwetu niwaache watoto. Nimewaambia wangoje bima. Sasa nitawaambia wangoje nini?"

Bima hiyo ndiyo iliyokuwa imeshikilia nyumba yake. Watoto wawili, na yeye kubaki nao chini ya paa moja.

"Everlyne," nikamwambia, "mume wako alikuwa ananibeba miaka yote. Siku moja alipitwa na mtu anayesukuma mkokoteni wa kuni."

Akacheka na kulia kwa pamoja. "Hata mimi siamini. Lakini wenzake ndio walikuwepo."

Nikaenda kwa meneja wetu. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia ukweli ambao nanyi mtaambiwa siku moja: "Ulikuwa abiria wake. Unajua alivyokuwa anaendesha siku nyingine. Hujui alivyoendesha siku ile." Alikuwa sahihi. Tabia ya mtu ni sababu ya kwenda kuuliza, siyo ushahidi.

Nikaenda kuuliza. Nilipanda pikipiki ya kijana nisiyemjua mpaka Ekero, nimefumba macho, nikisali kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Dereva wa gari la maiti akasema mbele yake aliona pikipiki nyingi, nyuma yake aliona lori la kwaya, na nyuma ya lori aliona vumbi. Watu wa kwaya walikuwa wakiimba, wametazama mbele. Mtu mmoja wa duka akanionyesha pale mwili ulipolala. Nikasimama hapo kwenye ukingo wa shamba la miwa, nikatazama barabara inavyopanda.

"Pikipiki za mbele zilipita muda gani kabla ya kelele ya ajali?" nikamwuliza.

"Zilikuwa zimepita kitambo, mama. Gari la maiti lilikuwa limepita, lori la kwaya limepita. Nilikuwa nimeketi tena."

Nikatia njugu mdomoni.

Nilimkuta Protus steji, amekaa juu ya pikipiki yake, anakula mahindi ya kuchoma.

"Senje! Leo umetoka nje? Kuna nini, nyumba inaungua?"

"Protus, siku ya msafara mlitoka wapi?"

Mahindi yakasimama njiani. "Mochari."

"Mkaenda kusimama wapi?"

"Kwa lango la mama."

"Nani alikuwa anawangoja huko?"

Akaligeuza hindi mkononi. Nami sikusema neno. Abiria akaja, akamwashiria aende kwa mwingine. Mwishowe akashuka kwenye pikipiki, akanisogelea, na ile sauti yake kubwa sikuisikia tena.

"Senje, usinifanyie hivi."

"Sijasema kitu."

"Yule mtu wa imondo nilikuwa mimi. Nilifika wa kwanza, nikapewa, nikala. Nilikuwa nimeshakula wakati simu ilipiga." Akapangusa mdomo, ingawa haukuwa na kitu. "Kobe hakuwa kwa hiyo mbio. Tulimpa kitambaa chekundu akae nyuma, kwa sababu ndiye tu hangechoka kwenda pole."

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

"Ungesema nini wewe? Mtu amekufa, tumemcheka miaka yote, unasimama mbele ya mama yake unasema alikuwa wa mwisho? Tulikaa wote, tukasema tumpe namba moja. Nilimpa yangu."

Nikamweleza kuhusu barua na Everlyne. Hakuwa anajua. Nikamwambia aje ofisini aandike ukweli, Kelvin ataufikiria.

"Hapana."

"Protus."

"Senje, hayo maneno niliyasema kwa boma, mbele ya kaburi likiwa wazi, na watu wote wakisikia. Siwezi kuyatoa kwa ofisi, kisiri, kama mwizi. Nitakuwa nimemnyang'anya mtu akiwa amelala. Kama ni kuyatoa, nitayatolea palepale. Na mama yake awepo." Akatazama chini. "Na huyo mama ndiye ninamwogopa. Hiyo fulana anaivaanga kila Jumapili."

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Kwenye mafunzo mtaambiwa taarifa ya shahidi inachukuliwa ofisini, inasainiwa, inapigwa muhuri. Ni kweli. Lakini kuna maneno ambayo mahali pake pa kutolewa si ofisi, na ukiyalazimisha hutayapata, au utayapata nusu. Nilimpigia Kelvin, nikamwomba arudi Kakamega. Nilitarajia anikatalie. Akauliza swali moja tu: "Wote waliokuwa mbele watakuwepo?" Nikasema watakuwepo. Akasema atakuja.

Tulikusanyika kwa Mama Rasoa, mama yake Boniface, mchana wa jua kali. Viti vya plastiki vilipangwa kando ya kaburi lililokuwa bado la udongo. Shemeji wa Everlyne walikaa upande wao, mikono kifuani. Mama Rasoa alikuwa amevaa ile fulana juu ya gauni lake. NAMBA MOJA DAIMA. Alimletea kila mtu chai, akakataa kusaidiwa.

Protus akasimama. Hakuwa na kipaza sauti.

"Mama, watu wetu. Siku tuliyomzika Boniface nilisema mambo hapa. Nimekuja kuyatoa."

Shemeji mmoja akasema, "Unatoa maneno ya matanga? Wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nilidanganya." Akageukia kaburi, akaendelea kuongea akilitazama. "Mbio ilikuwepo. Tulikuwa sita, na hawa watano wengine wameketi hapa, waulizeni. Tulikimbia na maiti ya mama wa watu nyuma yetu kwa ajili ya firigisi. Namba moja nilikuwa mimi. Boniface hakukimbia. Alikuwa nyuma ya gari la maiti, nyuma ya kwaya, na kitambaa chekundu. Lori lilimpata akilizuia lisituingilie."

Kelvin alikuwa amefungua daftari lakini kalamu ilikuwa imesimama. Akawauliza wale watano mmoja mmoja, kwa upole, bila kuweka jibu kwenye swali. Mlitoka wapi. Nani alikuwa mbele yako. Nani alikuwa nyuma ya wote. Nilimsikiliza nikamwona Bwana Inganga ndani ya viatu safi. Wa mwisho kati yao, kijana wa maneno machache, akasema, "Kobe aliniambia nikifika nimwekee chai, kwa sababu yeye atafika ikiwa imepoa." Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Halafu mwingine. Everlyne akaficha uso kwenye leso, mabega yakitikisika, na sikujua ni kicheko au ni nini.

Mama Rasoa hakucheka. Alikuwa ameweka birika chini.

"Protus."

"Mama."

"Hakuwa mbele?"

"Hakuwa mbele, Mama. Nisamehe. Alikuwa wa mwisho kabisa."

"Alikuwa anaenda pole?"

"Pole sana."

Mama akakaa. Si kwenye kiti, alikaa chini, kando ya ule udongo. Nilidhani tumemwua. Protus akamkimbilia, yeye akamzuia kwa mkono.

"Kila akija kunisalimia," akasema, "nilikuwa namshika hapa kwa mkono. Namwambia, baba, hiyo kitu usiikimbize. Kila akija. Mkasimama hapa mkaniambia amekufa akikimbia. Nikavaa nguo yenu. Nikasema mbele ya watu ni sawa. Lakini nikilala najiuliza, kwa nini mtoto wangu alikuwa ananiitikia ndiyo, halafu hanisikii?" Akalipapasa lile kaburi, akalisawazisha mahali ambapo kuku walikuwa wamechakura. "Kumbe alikuwa ananisikia."

Yule shemeji aliyepinga akavua kofia.

Mama akamtazama Kelvin. "Wewe wa kuandika. Andika hiyo."

"Naandika, Mama."

"Andika vizuri. Alikuwa nyuma."

Kampuni ilichukua muda wake, ikapima barabara, ikarudi kwa mtu wa duka, ikawahoji tena wale sita. Ikakubali kwamba kulikuwa na mbio, na kwamba marehemu hakuwa ndani yake. Everlyne alilipwa, na mpaka leo yuko kwenye nyumba yake na watoto wake. Protus aliacha uenyekiti bila kuambiwa na mtu.

Barua ya kukubali niliipeleka Sigalagala mwenyewe, ingawa Everlyne alikuwa ameshapata nakala yake. Mama Rasoa hajui kusoma. Hakuniuliza habari za pesa. Alinipa kiti, akakaa karibu nami, akataka kujua kama imeandikwa mahali alipokuwa. Nikatafuta mstari, nikamsomea: marehemu alikuwa mwisho wa msafara, akiendesha kwa mwendo wa chini.

Akaniomba nirudie.